Bolti Iliyobaki Kofiani

Kofia haivaliwi mpaka iwe tupu. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyomfundisha fundi: kila bolti unayoifungua itie kofiani, na kofia ikibaki na kitu, gari halijaisha.

Asubuhi hiyo alikuwa akibadilisha pedi za breki za gari la dada yake. Dada alimsimamia kama askari jela. "Fanya upesi, mdogo wangu, mama anatakiwa hospitali saa nne." Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia dada mkubwa? Fundi akarudisha magurudumu, akashusha jeki, akakanyaga breki mpaka pedali ikawa ngumu.

"Mkisikia kelele msihofu," aliwaambia wakiondoka. "Pedi mpya hulia kidogo."

Alipoinua kofia aivae, kitu kikabingirika ndani. Bolti ya kalipa, ile inayoshikilia breki ya gurudumu la mbele. Mteremko wa mbele yao ulikuwa mrefu, tena uliishia kwenye njia panda ya malori. Na ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyewaambia wasihofu kelele!

Akapiga simu, ikaita weee mpaka ikakatika. Dada hapokei simu akiendesha. Hilo nalo ni yeye aliyemfundisha. Akatoka mbio, kofia mkono huu, spana na bolti mkono ule. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe. Kila honi iliyosikika kutoka chini aliona ndiyo hiyo, yamekwisha.

Katikati ya mteremko akaliona gari, limeegeshwa pembeni. Dada alikuwa amevimba kwa hasira.

"Muulize mama yako! Gurudumu limelia ko! ko! mara mbili tu, kanishika bega nisimame. Namwambia fundi kasema ni kawaida, hataki!"

"Huyu tangu mdogo," mama alisema kutoka kiti cha nyuma, "akiniambia nisihofu, ndipo nahofu."

Fundi akafungua kiganja. Dada aliitazama ile bolti, akakaa kwenye ukingo wa barabara.

Fundi akatoa jeki ya kwenye buti, akaifunga bolti, kisha akazikagua nyingine zote mara tatu. Alipomaliza, mama aliichukua kofia, akaingiza mkono, akapapasa mpaka kwenye mishono. Ndipo akamvisha.