Karatasi ya Ilinca

Kwa miaka thelathini nilipika katika shule ya msingi huko Ohio, na sikumbuki kuunguza chungu hata kimoja. Nilichokiunguza nilikiunguzia Romania, kambini, kwa jina la Yesu.

Kanisa letu hupeleka watu wa kujitolea huko kila Julai, wiki moja, kwenye kambi ya watoto chini ya milima. Mwaka ule watoto wote arobaini na watatu walitoka katika kituo kimoja cha yatima. Mimi nilipewa wasichana wanane niwaangalie na kitanda kilichobonyea katikati. Kiromania sikijui. Mkalimani alikuwa mmoja tu, Dorel, mwanafunzi wa chuo, aliyeitwa huku na huko mpaka sauti ikamkauka.

Kati ya wasichana wangu alikuwemo Ilinca, wa miaka kumi na mmoja. Hakuwa na habari na michezo. Kila mlo alihamisha nyama yake kwenye sahani ya mdogo wake Nelu, wa miaka sita, kisha akamtazama mpaka amalize. Mimi kwa upishi wangu nikamwongezea nyama, nikadhani nimetimiza wajibu.

Jumatano ndiyo siku ya karatasi. Lowell, kiongozi wetu, ni muuza matrekta na hupenda sana kuwashtukiza watu. Alituelekeza kwamba kila mtoto aandike kinachomlemea moyoni, akunje karatasi, ampe mlezi wake. Mlezi asifungue. Kisha zote zichomwe mbele yao, wayaone mazito yao yakipanda na moshi. Habari ya moto tusiwaambie, alisema, kushtukizwa ndio utamu wenyewe. Nikauliza kama si afadhali Dorel azipitie kwanza, isije ikawa kuna mtoto mgonjwa. Lowell akacheka.

"Verda, wewe unataka kuonja kila sufuria. Hii mwachie Mungu."

Nikamwachia.

Ilinca aliandika karibu saa nzima, pande zote mbili za karatasi, na mara mbili akaniletea penseli niichonge. Alipomaliza aliniwekea karatasi kiganjani, akanifumba vidole juu yake kwa mikono yake miwili. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Baada ya chakula cha mchana tukalizunguka pipa lililowashwa moto, na mimi ndiye niliyetangulia kutupa. Watoto wakapiga makofi kama walivyoelekezwa. Ilinca hakupiga. Alinitazama, akalitazama pipa, akaenda kukaa na Nelu. Tangu hapo hakunishika mkono tena. Lowell akaniambia nisijali, ni Roho anafanya kazi ndani yake.

Ijumaa asubuhi yalikuja magari mawili kuwachukua. Nelu akapandishwa katika moja, Ilinca akaelekezwa kwenye la pili. Nelu akapiga mayowe. Dada yake hakulia. Nilimburuta Dorel mpaka kwa mkurugenzi wa kituo, Bwana Moraru, nikataka kujua kuna nini.

Akaeleza bila kuficha. Kituo kinafungwa. Wasichana watabaki mjini, wavulana wanapelekwa mkoa mwingine, mwendo wa saa tisa. Ilikuwepo nyumba moja inayopokea ndugu pamoja, nayo ilikuwa na nafasi mbili, lakini jana alasiri alikuwa amewapa watoto wengine. Nikamwambia abadilishe.

"Mama, magodoro yetu mnatupa nyinyi, viatu mnatupa nyinyi," alisema. "Mngenitamkia neno moja tu kabla ya jana, ningekataaje? Sasa wale wameshapokelewa, wameshalala huko."

Nikamgeukia Ilinca. Nikamuuliza kupitia Dorel kwa nini hakuniambia, na sikumuuliza kwa upole. Niseme ukweli, nilikuwa natafuta wa kumlaumu.

Alijibu taratibu. Dorel alitafsiri huku akiangalia chini.

"Anasema kituoni wamekatazwa kuwasumbua wageni. Lakini wewe, Shangazi, ulisema aandike kinachomlemea, akupe. Akaandika. Akakupa."

Gari la Nelu liliondoka kwanza.

Jumapili iliyofuata, nyumbani Ohio, Lowell aliwatangazia waumini kwamba mizigo arobaini na mitatu ya watoto imeteketezwa, kisha akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nikasema ilikuwa arobaini na miwili. Ile nyingine ilikuwa barua, iliandikwa kwangu, nami niliichoma bila kuifungua, huku nikitabasamu. Nikalitaja jina la Ilinca na la Nelu.

Lowell akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, polepole, akasema, "Amina." Na watu wote wakaitikia.