Tarishi Mpya Haifunguliwi

Giaboksi ilipofunguka, fundi alidhani macho yake yanamcheza shere. Akachukua kitambaa, akafuta mafuta, akatazama tena. Kipande kinachosukuma gia, ambacho katika kila gari la Tarishi alilowahi kulifungua kilikuwa chuma kizito, hapa kilikuwa plastiki. Tena kimekatika katikati kama biskuti.

"Haya, sema," alisema shangazi yake. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani, miwani imeshuka puani. "Mgonjwa wangu ana nini?"

Huyu ndiye shangazi aliyemlea, akamlisha na kumvisha kwa teksi yake, Tarishi ya zamani iliyokuwa na rangi ya majivu na injini isiyojua kulalamika. Chini ya gari lile ndiko alikojifunza kushika spana. Akalipenda, akalitetea, hata gereji nzima ikamwita Mzee wa Tarishi ingawa ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama ziote. Kampuni ya Tarishi iliponunuliwa na matajiri wapya, wanaouza pia majokofu na magodoro, wenzake walimtania: "Mzee, sasa utaendesha godoro lenye magurudumu!" Nusura wazichape.

Shangazi alipotaka gari jipya alimuuliza yeye, hakumuuliza mtu mwingine.

"Umelikagua, baba?"

"Shangazi, Tarishi mpya haifunguliwi. Kuifungua ni kama kumpekua mgeni mifukoni."

Ndivyo marehemu fundi mkuu alivyowafundisha, yeye na rafiki yake Marashi, walipokuwa wanafunzi wake. Tarishi ikitoka kiwandani, fundi wa kweli haigusi. Basi hakuigusa. Shangazi akaliacha gari lake la zamani dukani, akaongeza akiba yake yote, akatoka na jipya linalong'aa. Halikumaliza hata msimu mmoja wa mvua.

"Baba, nakuuliza wewe," shangazi alisema kutoka juu ya tairi.

"Wametia plastiki," alisema fundi.

"Plastiki? Ya ndoo?"

"Ya ndoo ina afadhali."

Shangazi hakucheka. Aliinuka, akajipangusa nyuma. "Lirudishie viungo vyake, ulivute. Twende kwa huyo rafiki yako."

Marashi siku hizi alikuwa muuzaji mkuu katika duka la Tarishi, na jina hilo alilipata kwa sababu harufu yake hufika kabla yake. Ndiye aliyewauzia. Waliingia uani kwa kamba, gari kuukuu la gereji likivuta gari jipya, na shangazi nyuma ameshika usukani wima kama anaongoza msafara wa harusi.

"Shikamoo, Shangazi!" Marashi alitokea mikono imetanuliwa.

Shangazi aliiacha ile salamu hewani.

Fundi alimwekea kile kipande kilichovunjika kiganjani. "Ulijua?"

Marashi alikigeuza, akatazama kule ofisini. "Shusha sauti, ndugu yangu. Wenyewe wapya wanataka gari jepesi. Wanasema ni teknolojia."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Mafundi wa hapa wote wanajua. Ningesema ningemwaga unga, na nina watoto, wewe unawajua." Akamshika bega. "Na wewe, Mzee wa Tarishi mzima, hukufungua hata boneti? Mimi nilijua utafungua! Nilijisemea, huyu akiona, atakataa mwenyewe, na mimi nitakuwa sijasema kitu."

Mkono wa mwenzake ulikuwa bado begani, fundi akautoa polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi niliheshimu mafunzo ya mwalimu wetu."

"Mwalimu alifundisha magari ya wenyewe wa zamani. Wale wameuza, wameondoka."

"Baba," shangazi aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Njoo uone maajabu."

Alikuwa amesimama mbele ya gari la rangi ya majivu. Lilikuwa limeoshwa, limevishwa viti vipya, na kwenye kioo cha mbele kumening'inia kichupa cha manukato.

"Nani anaendesha gari langu?"

Marashi alijikuna shingo. "Nililichukua mimi, Shangazi. Kwa matumizi ya nyumbani tu."

"Umeuza magari mapya mangapi mwaka huu, mwanangu?"

"Mengi."

"Na wewe ukachagua hili."

Shangazi alipapasa boneti kwa kiganja, kama anayepima homa. Sauti yake ikalainika. "Nipe ufunguo nikae ndani kidogo. Niagane nalo."

Marashi, akifurahi kuona mambo yanapoa, alimpa haraka haraka. Shangazi aliingia, akavuta kiti mbele, akawasha. Injini ikaitikia mara moja. Halafu akatia gia ya nyuma, akageuza, akaelekea getini.

"Shangazi! Shangazi, hilo ni la kwangu! Mzee, mzuie!"

Fundi aliuchomoa ufunguo wa gari jipya, akautupa miguuni pa Marashi. "Lako lile pale. Uliliita teknolojia." Akakimbia, akalifungua geti hadi mwisho, kisha akaushika mlango wa abiria ili aingie.

Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Shangazi aliteremsha kioo kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono imetulia kwenye usukani.

"Si kwa ubaya, baba. Ukikaa hapa pembeni yangu nitakuuliza tena ushauri, na sitaki."

"Shangazi, mimi nilidanganywa kama wewe!"

"Wewe ulidanganywa na kampuni," alisema. "Mimi sikuwahi kuijua kampuni. Nilikuwa nakujua wewe."

Kioo kikapanda. Fundi aliuachia mlango, na gari likaingia barabarani.