Kipaza Sauti cha Mama Shuka

Kiwanda kilikuwa cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, na kelele za mle ndani zilitosha kumsahaulisha mtu jina lake. Mapipa ya kufulia yalinguruma, mashine ndefu ya pasi ilifoka mvuke, na wafanyakazi sitini walizungumza kwa mikono. Ishara hizo waliletewa na Mama Shuka, aliyezaliwa hasikii, na ambaye kwa miaka kumi na saba alisimama mbele ya mashine ya pasi akiilisha mashuka. Viganja vyake vilijua mashine inataka kukwama kabla haijakwama. Wenzake walijifunza ishara zake kwanza ili wamsalimie, kisha wakaona zinafika mbali kuliko kupayuka, basi ikawa ndiyo lugha ya kazi. Palikuwa na ishara ya “punguza moto”, ya “bosi anakuja”, na ile iliyotumika kuliko zote: kugonga kiganja kwa kidole gumba mara mbili, kisha kusukuma mkono nyuma ya bega. Maana yake, hili bado lina doa, lirudishwe likafuliwe upya.

Msimamizi wa zamu alikuwa mdogo wake Mama Shuka, wa tumbo moja. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa dada yake, dukani na zahanati, na dada ndiye aliyembembelezea kazi pale kiwandani. Sasa alikuwa akikaimu usimamizi mwaka mzima. Barua ya kumthibitisha ilikuwa ya kesho kila siku.

Ndipo akaletwa bwana mmoja mwenye suti, na mlangoni pake pakabandikwa kibao: Meneja wa Watu, Utofauti na Mawasiliano. Watu wenyewe alikuwa hajakutana nao. Alikanyaga kule kwenye mvuke dakika tano tu, kwa kuhofia viatu vyake, akaona mikono inapepea, akarudi ofisini kuandika tangazo. Kuanzia sasa ishara zisizo rasmi marufuku. Kila ujumbe upite kwenye kundi la simu. Simu nazo zilikuwa marufuku karibu na mashine tangu zamani. Hakuna aliyemuuliza wafanyeje, kwa sababu maswali pia yalitakiwa kupitia kwenye kundi.

Wafanyakazi walisoma tangazo, wakaangaliana, wakaendelea na mikono yao kila alipotoweka.

Wiki iliyofuata Meneja akamtoa Mama Shuka kwenye mashine na kumweka mapokezi. “Utofauti wetu lazima uonekane,” alisema. Picha yake ikatundikwa ukutani, na yeye mwenyewe akaketishwa chini yake, mbele ya meza yenye simu. Simu ililia mpaka ikachoka. Mama Shuka aliwasogezea wageni kitabu cha kusaini, na wageni wakampiga picha.

“Zungumza naye,” alimwambia mdogo wake kwa mikono, walipokuwa wakila nyumbani. “Mimi nataka kazi yangu.”

“Subiri barua yangu itoke, dada. Wiki moja tu.”

“Wiki moja ulisema mwezi uliopita.”

Mdogo wake alijitia anaangalia sahani. Hiyo ndiyo hila ya kumnyamazisha asiyesikia, kutomtazama, na yeye aliijua tangu mtoto. Aliona aibu, lakini hakuinua macho.

Siku ya Utofauti ilipofika, mashine zilizimwa, maputo yakafungwa ukumbini, na mkurugenzi akaja kutoka makao makuu. Meneja alihutubia dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kusikiliza. Kabla ya hapo alikuwa amemvuta msimamizi pembeni. “Barua yako nimeshaisaini, ndugu yangu, iko mezani kwangu. Leo tusiharibiane.”

Kisha Meneja akatangaza kwamba umefika wakati wa kumpa sauti asiye na sauti, akampandisha Mama Shuka jukwaani, akamkabidhi kipaza sauti.

Mama Shuka alikigeuzageuza, akampa mdogo wake aliyesimama kando yake, maana yeye alihitaji mikono yote miwili.

“Nirudishieni mashine yangu,” alisema, polepole, ili kila mtu aone. “Pale mapokezi nimekuwa kama chungu cha maua. Simu sisikii, na wageni sina la kuwaambia. Tangu niondoke, mashine imekwama mara sita, na fundi mmoja ameungua mkono. Huyu bwana anasema anasikiliza. Hajawahi kuniuliza nataka nini.”

Akashusha mikono, akamtazama mdogo wake. Meneja naye akamtazama.

Msimamizi akainua kipaza sauti. “Anasema anashukuru uongozi,” akaanza, na sauti yake mwenyewe ikamkera masikioni. “Anasema sasa anajiona ni mtu wa thamani. Na mapokezi amepapenda sana.”

Mkurugenzi alifuta jicho. Kosa la mdogo mtu lilikuwa moja tu, lakini kubwa: alitafsiri kama yuko zahanati, mahali ambapo ni wao wawili tu wanaojua alichosema dada. Hapa watu sitini walikuwa wameona kila neno.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa fundi aliyeungua. Aligonga kiganja kwa kidole gumba mara mbili, akasukuma mkono nyuma ya bega. Akafuata wa pili, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote, kimya kabisa, mikono ikigonga na kusukuma. Lina doa. Lirudishwe.

“Wanapongeza kwa ishara,” Meneja alimnong’oneza mkurugenzi. Naye akaanza kugonga kiganja na kusukuma mkono, akitabasamu, na mkurugenzi akamwiga. Msimamizi alisimama katikati, kipaza sauti mkononi, kikiwa bado kimewashwa. Nafasi ya kusema kweli ilikuwepo. Aliiacha ipite.

Barua alipewa alasiri ile. Ilieleza kwamba wasimamizi waliothibitishwa wataingia kwa mlango wa mbele.

Asubuhi akaingia kwa mlango wa mbele. Dada yake alikuwa mezani, chini ya picha yake. Akamwamkia kwa mikono, kama alivyomwamkia maisha yake yote. Mama Shuka aliitazama ile mikono mpaka ilipomaliza. Kisha akamsogezea kitabu cha wageni, na kalamu.