Neno Lililojifunika Khanga

Usiku wa kuamkia siku yangu ya kliniki, niliota nimekaa kwenye benchi la hospitali, na waliopanga foleni hawakuwa wagonjwa. Yalikuwa maneno ya daktari.

Wa kwanza alikuwa Haipatensheni, mnene, anahema. Akanikalia mapajani bila hodi.

"Shikamoo, mama Nakiete. Unanijua?"

"Marahaba. Wewe si presha ya kupanda? Mwaka wa sita huu tunaishi wote."

"Basi," akasema, akateremka. "Anayenijua simwelemei."

Nyuma yake amekaa mgeni aliyejifunika khanga mpaka usoni. Namtambua hivyo hivyo: Baiopsi. Juzi daktari aliniambia, "Hicho kivimbe cha kwenye titi tutakifanyia baiopsi, sawa mama?" Nikaitikia kwa kichwa. Sawa, daktari. Tangu hapo chakula hakipiti.

Nesi anatangaza, "Neno usilolielewa unaondoka nalo mgongoni. Ndio utaratibu."

Mara tuko kanisani. Hakuna anayeshangaa. Ubao wa namba za nyimbo umeandikwa presha yangu, 170 kwa 100, na washarika wanaiimba ubeti kwa ubeti. Mlangoni anaingia marehemu mume wangu, Sefania, amepinda mgongo, amebeba neno kubwa kama kabati.

"Baba Nakiete, hicho ni nini?"

"Hata mimi sijui. Daktari alilitamka nilipokuwa naumwa, ukaitikia. Na mimi nikaitikia. Tukashukuru, tukapanda zetu mlimani nyumbani." Hakunilaumu. Alinitazama tu kama alivyokuwa akinitazama nikisahau chumvi. "Mwaka wa nne ninalo. Penseli unayo?"

Nikamtolea ile ya kwenye kitabu cha nyimbo. Akaichukua na kadi yangu ya kliniki, akaandika huku amekinga kwa mkono, asionekane.

Nesi ananigeuza. Baiopsi ananipanda mgongoni. Mgongo unapinda. Nikasema, na kwaya yote ikasikia, "Ngoja kwanza. Wewe ni nani?"

Wimbo ukakatika. Akafunua khanga. Uso wa kawaida kabisa, kama wa jirani aliyekuja kuomba moto.

"Mimi ni kipande kidogo cha nyama. Natolewa kwa sindano hapo kwenye uvimbe, napelekwa maabara kuangaliwa kama kuna saratani au hakuna. Bado hakuna anayejua. Hata mimi."

"Sasa mbona ulijifunika?"

"Hukuuliza, mama."

Akashuka. Hofu haikushuka yote, lakini mgongo ulinyooka.

Niliamka alfajiri, nikasali, nikavaa. Kadi ilikuwa ndani ya Biblia, pale pale nilipoiweka. Chini ya mwandiko wa daktari palikuwa na neno moja la penseli, herufi zimelalia kushoto. Mimi naandika wima, kama tulivyofundishwa darasa la tatu. Aliyekuwa akilaza herufi kushoto, nyumba hii, alikuwa mmoja tu.

"Uliza."