Skrini ya Tatu

Dada yangu anapokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Kazi anafanyia nyumbani, kwenye meza tuliyokuwa tunalia chakula kabla mama hajaugua. Sasa si wakaleta sheria mpya: anayebaki nyumbani lazima awe na skrini tatu, laptopu ya kazi na mbili za pembeni, kila moja ionyeshe kitu chake. Ijumaa saa nne mkaguzi anapiga simu ya video kuangalia. Ukishindwa, Jumatatu unaripoti kufanyia kazi makao makuu, mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima.

Na dada haondoki hivi hivi. Mama upande wa kulia umelala kwa kiharusi, asipogeuzwa geuzwa anatoka vidonda mgongoni. Mimi nina nafasi chuo cha ufundi, tunafungua mwezi ujao, na begi nimeshalifunga ingawa hakuna aliyeniambia nifunge.

"Kuunga skrini nayo ni kazi?" nikamwambia dada. "Ni waya tu."

"Haya, fundi. Nakuangalia."

Skrini moja tuliazima kwa jirani, nyingine dada alinunua mtumba. Nikachomeka ya kwanza, ikawaka safi. Ya pili nikaichomeka kwenye kile kidude chenye matundu mengi, nayo ikawaka, dada akapiga kigelegele. Halafu akafungua ukurasa wa wateja upande wa kushoto, na kulia nako ukafunguka huo huo. Akiandika huku, kunaandikika na kule. Mapacha.

"Mdogo wangu, hiyo ni moja mara mbili."

"Subiri bwana."

Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikazima, nikawasha, nikaingia kwenye mipangilio nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Wapi.

"Hizo televisheni zenu zimewaka?" mama akauliza kutoka chumbani.

"Zimewaka, mama, ila zote zinaonyesha kitu kimoja!"

"Basi wekeni mpira."

Dada akacheka. Mimi jasho linanitoka.

Saa nne inakaribia, nikafunga kifuniko cha laptopu ili nipitishe waya kwa nyuma. Ghafla zile skrini zikaachana! Kushoto wateja, kulia barua pepe. Nikaruka. Nikafungua kifuniko, zikawa mapacha tena. Nikafunga, zikaachana. Hapo ndipo nikaelewa. Ile laptopu inatoa picha mbili tu, basi. Yake na moja ya nje, au yake ilale, za nje ziwe mbili. Ya tatu haina.

"Tuiache imefungwa," nikasema. "Angalau ataona mbili zisizofanana."

"Na atatuonaje? Kamera si ipo kwenye kifuniko?"

"Tumia simu."

"Simu hairuhusiwi kwenye meza ya kazi. Unataka nifukuzwe kabisa?"

Mkaguzi akapiga. Mwanamke mmoja mstaarabu, sauti laini. Akamwambia dada afungue ukurasa tofauti kila skrini, zote amrushie kwenye simu hiyo hiyo ya video, akasubiri. Tukasubiri wote.

"Naona mbili, dada. Ya tatu inarudia."

Nikajitosa mbele ya kamera. "Shikamoo. Kuna adapta ya kuongeza picha, duka la picha mtaa wa pili wanayo, nakimbia sasa hivi."

"Marahaba. Hiyo inataka programu yake, mwanangu. Kwenye laptopu ya kazi anayeweka programu ni fundi wetu peke yake. Yuko huku, na lazima laptopu iletwe."

"Iletwe lini?"

"Jumatatu dada atakuja nayo."

"Halafu akishawekewa anarudi nyumbani?"

"Akishafika ofisini anahesabika wa ofisini. Maombi ya kufanyia kazi nyumbani yamefungwa mpaka mwakani. Poleni sana, jamani."

Picha yake ikakatika.

Dada hakulia, wala hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alichomoa skrini ya jirani, akaipangusa vumbi kwa khanga yake, akaniambia niirudishe. Nikiwa mlangoni akaniita.

"Chuo hawawezi kukushikia nafasi mpaka mwakani?"

Nilishawasikia siku ya usaili: asiyefika siku ya kufungua, nafasi anapewa mwingine. Nikamwambia nitawauliza.

Niliporudi alikuwa chumbani ananisubiri. "Njoo hapa. Mkono mmoja begani, mwingine chini ya nyonga. Usimvute, mviringishe."

Nikamviringisha. Mama akaguna.

"Mikono baridi huyu! Ananishika kama gunia. Kwani wewe unakwenda wapi hata unamfundisha?"

Dada akawa anaangalia mgongo wa mama, anaangalia sana, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Tena," akaniambia. "Mrudishe upande huu."