Mkaanga Chipsi na Binti Yake

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomchoma Walusimbi. Laiti angemfokea, angepata pa kujitetea.

"Baba Nakku, mtoto hana ugonjwa wa ajabu," alisema, huku akimfunga vifungo vya gauni yule binti wa miaka minne. "Amefunga choo, damu yake ni kidogo, na jino moja la nyuma limeoza kabisa. Anakula nini nyumbani?"

Walusimbi akaangalia viatu vyake. Nakku akamjibia, "Chipsi!"

"Na nini tena, mama?"

"Soda."

Daktari akaandika. "Na wewe baba, kazi yako nini?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Harufu ya mafuta ilikuwa imeingia naye chumbani.

Mwaka wa tisa huu Walusimbi alikuwa akikaanga chipsi pale mtaani Kalerwe, kwenye kibanda cha vioo kilichotazamana na shule ya chekechea. Mkewe, Nabbosa, aliondoka alfajiri kwenda kuuza vitenge, kwa hiyo mtoto alishinda kibandani na baba. Mwanzoni alikuwa akiokota vipande vilivyovunjika, akivitafuna kwa furaha, na baba akifurahi kumwona amefurahi. Baadaye vikawa ndio mlo wa mchana. Kisha na wa jioni.

"Kuanzia leo Nakku hali chipsi," Walusimbi alimwambia mkewe.

Nabbosa aliangua kicheko. "Mwenye karai ndiye wa kusema hivyo?"

"Ndiye."

Siku hiyo Walusimbi mwenyewe alipika matoke, zile ndizi za kupika, na mchuzi wa karanga, akavipakua vizuri kwenye sahani ya maua. Nakku aliitazama, akaisukuma mpaka ukingoni mwa meza.

"Hiki chakula cha wagonjwa."

"Nawe si umetoka hospitali?"

"Nimeshapona!"

Siku ya pili akala ndizi moja mbivu. Ya tatu akanywa chai tu, akajilaza mkekani na kulia bila kelele, na hilo Walusimbi hakulizoea. Mara mbili alinyoosha mkono kuchota konzi ya chipsi ampe yaishe. Mara mbili akaurudisha mkono.

Siku ya nne mama mkwe akatokea kijijini kwake Mpigi na kikapu. Kwa heshima ya ukwe hakuingia ndani. Alitandika mkeka barazani, akaketi akiupa mlango mgongo, na mkwewe akabaki ndani nyuma ya pazia.

"Mkwe, nasikia mjukuu wangu unamfungisha."

"Simfungishi, mama. Amekataa kula."

"Mimi nimelea tisa. Hakuna aliyekataa chakula."

"Lakini wako baba yao hakuwa mkaanga chipsi."

Walusimbi akadhani ameteleza ulimi. Kisha akamsikia bibi akicheka mpaka akapaliwa.

"Haya, baba, umeniweza. Sasa nijibu. Watu wanakupangia foleni kwa nini? Maana si kwa sura yako."

Swali hilo Walusimbi hakuwahi kujiuliza. Akasimama nalo pale nyuma ya pazia. Watu walipenda kusikia kiazi kinalia motoni. Walipenda kula kwa vidole, wakiwa wamesimama, wakichovya. Kiwe kigumu kidogo nje, ndani laini. Matoke yake kwenye sahani ya maua hayakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

"Mama, kikapuni kuna nini?"

"Viazi vitamu, vile vya njano. Karanga. Dagaa. Na boga."

"Nisogezee viazi."

Bibi akakisukuma kikapu chini ya pazia kwa fimbo yake.

Walusimbi akaleta nyumbani mashine yake ya kukatia chipsi, ile ya chuma yenye mkono mrefu. Alivikata viazi, akaviweka kwenye sufuria pana juu ya jiko la mkaa na kijiko kimoja cha mafuta, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Vya kwanza viliungua upande mmoja, upande wa pili vibichi. Vya pili vililegea vikawa uji.

"Vina maji hivyo!" bibi alisema kutoka nje, bila kugeuka. "Vianike kwanza vipigwe na upepo. Unapika kama mtu anayekimbizwa."

Akavianika kwenye kitambaa. Nakku alikuwa ameamka, amekuja kuchungulia.

"Baba, nikate mimi."

Walusimbi alisita, kisha akaweka kiazi mwenyewe, akamshikisha mkono wa mashine kwa juu, mbali na visu. Mtoto akaning'inia kwa uzito wake wote. Kiazi kikatoka upande wa pili kimekuwa vijiti, naye akapiga kelele kana kwamba ametaga yai.

"Vyangu hivi! Mtu asiviguse!"

Vilipoiva alivila vyote alivyokata, na viwili vya baba. Bakuli la karanga zilizosagwa na dagaa, ambalo baba alimwekea pembeni la kuchovyea, alilinusa.

"Kuna samaki humu?"

"Dagaa, ndiyo." Hakutaka kumdanganya.

"Basi sitaki."

"Usichovye. Kesho tutaonana."

Ilichukua siku kumi na moja kabla hajachovya. Boga alilikubali upesi zaidi. Mboga za majani mpaka leo ni ugomvi.

Lakini kazi kubwa ilimngoja kibandani. Jumatatu mama mmoja alisimama na mwanawe mwenye sare ya chekechea, akaagiza chipsi za mtoto.

"Dada, zako nitakukaangia. Huyu mdogo nina viazi vitamu vya kubanika na yai la kuchemsha."

"Ee! Umekuwa daktari?"

"Hapana. Wa kwangu nimemharibu kwa mkono huu huu."

Mama akamvuta mtoto, akavuka kwenda kwa Kiggundu, mkaangaji wa kibanda cha pili. Kiggundu akapunga mwiko wake hewani.

"Asante, mzee! Wewe endelea kuhubiri, mimi nipokee waumini!"

Wiki tatu walimcheka. Nabbosa alimwuliza kama ameamua wafe njaa wote kwa afya njema. Kila asubuhi Walusimbi alianika viazi vyake, akawasha jiko la pili pembeni ya karai, na kila mtoto aliyeletwa akapewa jibu lile lile. Wakubwa aliwakaangia kama kawaida; cha kutia tumboni wanajichagulia wenyewe.

Kilichowavuta watoto hakikuwa mahubiri. Ilikuwa mashine. Nakku aliketi kwenye kigoda akikata na kutoza ushuru: anayetaka kuning'inia kwenye mkono wa chuma sharti ale alichokata. Watoto wakaanza kuwaburuta mama zao. Mwalimu mmoja wa chekechea akaja kutazama, akaagiza sinia la viazi la Ijumaa, kisha la Jumatano pia.

Jino lililooza halikupona. Liling'olewa, na Nakku alilia njia nzima ya kurudi. Damu ilipopimwa tena ilikuwa imepanda.

Asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, Kiggundu alivuka barabara bila mwiko. Alikuwa amembeba bintiye wa mwisho, uso wa mtoto umenyauka.

"Siku ya tano hajapata choo," alisema, sauti chini. "Usinicheke."

"Sikucheki."

"Hivyo viazi vyako, unavikausha vipi?"

Walusimbi akasogea, akamwachia nafasi mbele ya jiko. "Mweke chini mtoto, unawe mikono," alisema. "Kuvikata ni kazi yake huyo mtoto."