Soli Zinazolika Mbele

Watu wengi hula soli kwa nyuma, upande wa nje wa kisigino. Candia, fundi viatu wa soko la Koboko, alikuwa amegeuza viatu vya watu miaka ishirini na sita, na hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Ukoo wake wa Aroi ulikula soli kwa mbele, kwenye vidole.

Jumamosi hiyo ukoo ulikuwa unakaa kuamua kama Helen afukuzwe. Helen ni mke wa Obitre, kaka yake Candia. Alizaliwa upande wa Yei, akaja Uganda mkimbizi, akaolewa. Sasa Obitre alitembea kwa fimbo mbili, magoti juu kama mtu anayevuka matope, nyayo zikipiga chini pa, pa. Mwaka huu mwana wao Silvester naye akaanza. Baba mdogo Celestino, msemaji wa ukoo, alikuwa ameshatangaza kabla ya kikao: mwanamke huyo amezika dawa mlangoni.

Candia alipokuwa akifunga gunia lake, binti yake Harriet alisimama mbele ya kibanda. Mwezi uliofuata watu wa Ludara walikuwa waje kumposa.

"Baba, ukisema iko kwa damu yetu, Ludara watasikia."

"Watasikia."

"Na bado unaenda?"

"Naenda."

Ndani ya gunia mlikuwa na jozi mbili za viatu na karatasi moja. Miaka sita nyuma watafiti wa ugonjwa huo waliwachukua damu Candia na kaka yake mjini Arua, Helen pia, wakaahidi majibu baada ya miezi mitatu. Candia aliandika tarehe ile kwa makaa kwenye ukuta wa kibanda. Kila mwaka alikwenda kuuliza, na kila mwaka aliyemwambia asubiri alimwandika jina chini ya tarehe. Majina yalifika matano. Wiki hii nesi mmoja, Evelyn, ndiye aliyeikuta karatasi kwenye droo. Alikaa naye saa nzima akimweleza. Candia aliacha shule darasa la nne, na kusoma kwenyewe alikuzoea kwenye magazeti ya kufungia viatu. Alimwomba Evelyn arudie mara tatu, kisha akashika.

Ukoo ulikaa kwenye baraza ya Celestino, Helen peke yake kwenye mkeka.

"Ndani ya mwili iko vitu vidogo, vinaitwa mitokondria," Candia alianza. "Hiyo ndiyo jiko. Inapika nguvu. Jiko moja ikichoka, inaungana na ingine, zinasaidiana. Karatasi hii inasema sisi, ile jeni ya kuunganisha imeharibika; ya Helen iko sawa. Tulizaliwa nayo. Mshipa wa fahamu wa mguu ndiyo mrefu kupita yote, kwa hiyo nguvu haifiki mwisho. Panya pia iko na jeni hiyo. Watu wa maabara waliiharibu ndani ya panya, ikaanza kuburuta miguu ya nyuma."

"Kwa hiyo panya ndiyo shangazi yetu!" mmoja akasema, na baraza ikacheka.

"Mahari yake nani alikula?" mwingine akadakia.

Candia aliwangoja wamalize. "Na ile panya, nani alizika dawa mlangoni yake?"

Kicheko kilipungua. Akatoa jozi ya kwanza, sandali za tairi, nyeusi, ngumu kama kuni. Babu yao alizivaa mwaka wa themanini, watu wa huku walipokimbilia Kongo kwa sababu ya vita. Mbele zilikuwa zimekwisha mpaka nyuzi za tairi.

"Mzee alitembea mpaka Kongo," Celestino alisema. "Tairi gani haitaisha?"

"Tulienda wote. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, na sandali ya mama iliisha kisigino. Mwaka huo, baba mdogo, Helen alikuwa hajazaliwa."

Akaweka jozi ya pili, viatu vyake mwenyewe, navyo vimelika vile vile.

"Wewe pia alikuwekea dawa tu!" sauti moja ikatoka nyuma.

"Basi kila mutu avue, ageuze. Mimi nitanyamaza."

Walivua huku wakitaniana juu ya harufu. Visigino, visigino, halafu binamu mmoja ambaye soli zake zimelika mbele, halafu mwingine. Utani uliisha wenyewe. Akabaki Celestino na viatu vyake vyeusi vya ngozi vinavyong'aa.

Viatu hivyo Candia alivijua. Vilimfikia Koboko mara tatu kwa mwaka vimefungwa kwenye gazeti, na mletaji aliambiwa aseme ni vya padri. Kila mara alipigilia bamba jipya la chuma kwenye ncha. Hakumwambia mtu. Fundi anayetangaza siri za miguu ya wateja wake huishia kuuzia upepo viatu. Hata sasa alitazama gunia lake tu.

Celestino alimtazama Candia. Kisha akainama, akafungua kamba, akageuza. Chuma kilikuwa kimelika nusu.

Helen ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Baba, hata wewe nilikuzikia?"

Celestino alivaa viatu vyake, akasimama, goti likapanda juu naye asilizuie. "Maneno imekwisha," alisema. "Helen iko hapa, kwake." Akaingia ndani, pa, pa.

Haikupita wiki mbili, watu wa Ludara walituma ujumbe kwa simu: wanangoja kwanza. Hawakusema wanangoja nini.

Harriet alikuja kibandani adhuhuri, akaweka sandali zake juu ya meza, kando ya msharasi wa kutobolea ngozi.

"Soma," alisema.

Candia alizigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, kisha kwenye visigino. Zilikuwa zimelika nyuma, upande wa nje.

"Sawa?"

"Leo ziko sawa," alisema. Yeye mwenyewe alianza akiwa na miaka ishirini na tisa. Harriet alikuwa na ishirini na miwili. "Lete tena mwaka ujao."

Harriet alizivaa, akarudi sokoni. Candia alimtazama anavyotembea mpaka alipofichwa na watu.